Neno la Kijerumani na Orodha ya Kiwanda cha Pareto

Tulikuwa watu tisa kwenye mazishi ya Bwana Felsner, nikijihesabu mimi na wachimba kaburi wawili. Mzee mmoja aliyeletwa kutoka Nairobi alisoma maombi kwa lugha ambayo sikuijua, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya nilihesabu watu, kisha nikahesabu misonobari iliyo kando ya ukuta. Mmoja wa wale tisa alikuwa Mzee Cheruiyot, aliyekuwa nyapara wetu zamani, sasa akiegemea fimbo na kuvaa koti la mtu mnene kumliko. Baadaye tulikwenda hoteli moja karibu na stesheni ya Nakuru, tukaagiza chai na mandazi. Alikula mandazi mawili. Kisha akaniuliza, "Karani, bado unaandika?" Nikamwambia naandika kidogo, mambo ya lugha, asili ya maneno. "Basi andika ule mwaka wa pareto," akasema. "Lakini ukiandika, weka na ile siku." Nikauliza siku ipi. Akanitazama kama mtu anayetazama saa. "Unajua ni ipi," akasema, akavuta kikombe chake.

Nilikuja kutoka magharibi kama wengi walivyokuja, na kuhusu kwetu hilo latosha. Nilikuwa na miaka ishirini na cheti cha shule ya misheni, na nilijua kuandika mwandiko ulionyooka hata kwenye karatasi isiyo na mistari. Mwezi wa nne, katika mwaka wa pili wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwasaka wapiganaji wa Kikuyu, nilipata kazi ya ukarani katika kiwanda cha kukausha pareto kilichokuwa kwenye mgongo wa kilima, juu ya bonde la Subukia. Asubuhi maua yalikuja kwa magunia kutoka mashamba ya walowezi, meupe na yenye unyevu, yakatandazwa kwenye trei za wavu na kuingizwa katika vyumba vyenye tanuri za kuni. Moto ukizidi, dawa ya kuua wadudu iliyo ndani ya ua huharibika. Ukipungua, ua huoza. Ndiyo maana meneja, Bwana Felsner, alizunguka siku nzima akisema, "Polepole, polepole," na ndiyo maana watu walimwita Bwana Polepole, hata mbele yake. Vumbi la pareto lilitupigisha chafya na kutuwasha macho, lakini lilikuwa na faida moja: vyumba vyetu havikuwa na inzi, kunguni wala viroboto. Sijalala tena mahali palipo safi namna ile.

Chumba changu kilikuwa futi kumi kwa tisa. Nilikipima siku ya kwanza. Kilikuwa na vitanda viwili vya mabanzi ya mbao, debe la maji, jiko la mafiga matatu nje ya mlango, sahani mbili na sufuria moja isiyo na mkono. Kitanda cha pili kilikuwa cha mtu aliyeitwa Mutua, ambaye kazi yake ilikuwa kupima ukavu. Hakutumia chombo. Alichukua ua moja kutoka katikati ya trei, akalisugua kati ya kidole gumba na cha pili, na kutokana na jinsi lilivyovunjika akasema trei hiyo itoke au ibaki. Hakukosea. Jioni alipika yeye, kwa kuwa alisema mimi napika kama mtu anayejibu mtihani. Tulikula ugali na kabichi, na Jumapili mahindi na maharagwe yaliyochemshwa tangu asubuhi. Nilikuwa na tabia ya kula nikiwa na daftari pajani, nikiandika maneno ya siku.

"Wewe, unakula ama unaandika?" alizoea kuniuliza.

"Nafanya yote."

"Siku moja utatia kalamu kwa sufuria na uandike na mwiko."

Alicheka peke yake kwa vichekesho vyake, na mimi nilimsubiri amalize.

Ni lazima nieleze habari ya tiketi. Kila kibarua alikuwa na kadi yenye miraba thelathini, na kila siku aliyofanya kazi nyapara aliweka alama katika mraba mmoja. Mtu akiugua, au akienda kwao kuzika, hakuiacha tiketi ilale. Alimwachia mwenzake aifanye, na jina likaendelea kuja kazini ilhali mwenyewe yuko mbali. Hakuna aliyeona hilo kuwa udanganyifu. Ilikuwa adabu, kama kumchungia jirani ng'ombe. Nyapara alijua na meneja alijua, na majina yaliitwa asubuhi, watu wakaitikia majina ya wenzao bila kutabasamu.

Baada ya wiki tatu hivi nilitambua kwamba Mutua hakuwa Mutua. Niliipata kadi yake ya kiwanda katika sanduku la ofisini, na kadi ilisema Mutua ni Mkamba, umri miaka arobaini na moja, mkono wa kushoto hauna kidole cha mwisho. Mtu niliyelala naye chumba kimoja hakuzidi miaka ishirini na saba, na vidole vyake vyote kumi niliviona kila jioni vikisonga ugali. Nilimuuliza tukiwa tunakula. Hakushtuka. Alisema anaitwa Ndung'u. Mwezi wa pili, lori lilipokuja kuwachukua Wakikuyu wote wa mstari ule wa nyumba za vibarua kuwarudisha kwenye rizavu, nchi waliyotengewa, yeye alikuwa msituni akikata kuni za tanuri. Aliporudi, mke wake Wanjiru, aliyekuwa mchumaji wa maua, alikuwa amekwisha kupelekwa, na mlango wa chumba chao ulikuwa wazi. Cheruiyot alimtia mkononi tiketi ya Mutua, ambaye alikuwa kwao Ukambani akiugua kifua, akamwambia, "Kesho nikiita jina hili, itika." Basi.

"Kila mtu anajua," Ndung'u aliniambia. "Hata wewe ulikuwa unajua, ila ulikuwa unangoja uione kwa karatasi."

Sasa nije kwa Bwana Felsner. Alikuwa Myahudi wa Ujerumani aliyekimbia kwao Wayahudi walipoanza kunyang'anywa mali, na walowezi wenzake walimwita Mjerumani kana kwamba hakukimbia. Saa kumi alasiri alikunywa chai ofisini, na tangu aliponikuta nikinakili maandishi ya Kijerumani yaliyo kwenye bamba la chuma la mashine, aliniwekea kikombe cha pili. Alinifundisha neno moja kila siku. Kiswahili chake kilikuwa kile cha walowezi, kisichojali ngeli wala nyakati, lakini kuhusu maneno alikuwa na subira. Alikuwa na kamusi ya asili ya maneno, haina jalada, kurasa za mwisho zimeliwa na panya. "Gawanya kwanza," alisema. "Neno refu iko kama gari ya moshi. Tafuta pale behewa nashikana."

Siku moja, ulikuwa mwezi wa saba na mvua ya mawe ilikuwa imepita, alipokea bahasha kutoka kwa binamu yake. Ndani mlikuwa na kipande cha gazeti chenye picha ya mzee mwenye upara akipewa maua. Chini ya picha palikuwa na neno ambalo nililihesabu herufi mara mbili: Wirtschaftsführer. Nikauliza maana yake. Alichukua penseli yangu na kukata neno vipande vitatu kwa mistari ya wima.

Nimehifadhi ukurasa ule. Kipande cha kwanza ni Wirt. Kamusi ilisema zamani sana neno hilo lilimtaja mume, mwenye nyumba. Na pia yule anayempokea mgeni. Na pia mlinzi, mtu ambaye walio chini ya paa lake wako mikononi mwake. Baadaye likawa mwenye nyumba ya wageni, anayeuza chakula na kitanda. Asili ya nyuma zaidi haijulikani kwa hakika. Tangu wakati huo nimenunua kamusi nyingine tatu, ziko hapa nyumbani kwangu Kiamunyi kwenye rafu ninapoandika haya, na zote zinaishia hapo hapo. Kipande cha pili, schaft, ni mkia unaotengeneza jina la hali au shughuli, nao una undugu na neno la kuumba. Wirt na schaft zikishikana ni shughuli za mwenye nyumba, kisha hoteli, na mwishoni uchumi wa nchi nzima. Herufi s inayofuata haina maana yake yenyewe. Ni uzi wa kushonea. Kipande cha mwisho, Führer, kinatokana na kitenzi cha kumfanya mtu aende, kama sisi tunavyotoa kuendesha katika kwenda. Kwa hiyo neno zima, ukilifuata hadi mizizi, ni yule anayeiendesha kazi ya mwenyeji. Kwa matumizi ya kawaida ni mtu mkubwa wa biashara, mwenye viwanda. Bwana Felsner alisema neno lenyewe si la kale. Mabehewa ndiyo ya kale.

"Zamani gazeti ya mji yetu naita baba yangu hii neno," akasema. "Yeye iko na kiwanda ya kitambaa. Watu mia tatu." Akaweka kidole kwenye picha ya mzee mwenye upara. "Sasa naita huyu, na kiwanda iko yake. Huyu zamani karani ya baba."

Nikasema, kwa kuwa nilidhani ndilo la kusema, kwamba basi karani anaweza kupanda.

"Ndiyo. Mwandiko yake mzuri sana," akajibu, akakunja karatasi na kunywa chai. Niliandika maelezo yote ya neno katika daftari langu, kwa wino, na niliona kwamba siku ile nimefaidika. Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Nilisikia sentensi yake yote, nikaihifadhi, na haikunigusa mahali popote.

Mwezi wa tisa mwenye kiwanda, mlowezi aliyeishi upande wa mjini na kuja kila Alhamisi, aliagiza orodha mpya ya vibarua wote: jina, kabila, umri, siku za kazi. Alisema inatakiwa na ofisi ya wilaya. Bwana Felsner aliniita, akaweka sanduku la kadi mezani. "Andika kama kadi nasema," akaniambia. "Kama kadi nasema tu. Hapana zaidi." Kisha akaenda Nakuru kwa siku mbili kufuata mkanda wa mashine uliokatika.

Nilifanya kazi ile siku mbili nzima. Nilichora mistari kwa rula, nikapanga majina kwa herufi, nikaongeza upande wa kulia safu ambayo hakuna aliyeiagiza, nikaiita Maelezo. Katika safu hiyo niliandika nani anafanya tiketi ya nani. Walikuwa watu watano. Wanne walikuwa Waluhya wakifanya tiketi za Waluhya wenzao. Wa tano niliandika hivi: Mutua hayupo, anayefanya tiketi yake ni Ndung'u, Mkikuyu. Nimejiuliza mara nyingi nilifikiri nini, na jibu langu halijabadilika. Nilifikiri siku alizofanya Ndung'u ni zake. Niliona si haki miezi saba ya kazi yake ikae chini ya jina la mtu mwingine, na kwamba siku moja, hali ikitulia, atahitaji karatasi ya kuonyesha kwamba alikuwapo. Pia nilifikiri kwamba orodha isiyo kweli si orodha. Mawazo yote mawili yalikuwa mazuri, nami niliyafikiria kwa utulivu, nikiwa nimekula kabichi aliyoipika yeye.

Alhamisi mwenye kiwanda alikuja kabla ya meneja kurudi. Aliniuliza kama orodha iko tayari. Nilimpa kwa mikono miwili. Aliisoma akiwa amesimama, akafika upande wa kulia, akasoma tena. "Kazi safi," akasema. "Safi kabisa." Aliikunja mara moja tu, kwa uangalifu, ili isivunjike mistari. Jioni nilimweleza Ndung'u kwamba nimesifiwa, lakini sikumweleza kwa lipi. Alisema basi kesho nami nipike.

Lori lilikuja Jumatatu, saa nne asubuhi, jua likiwa kali na trei zikiwa zimepangwa nje. Alishuka afisa kijana wa Kizungu na askari watatu. Orodha yangu ilikuwa mkononi mwake. Bwana Felsner alitoka kwenye tanuri akijifuta jasho, nao wakaongea Kiingereza, ambacho nilikielewa. Afisa alisema anamtaka Ndung'u. Bwana Felsner alisema hana mtu wa jina hilo. Afisa akamwonyesha mstari. Bwana Felsner aliutazama mwandiko kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuusoma. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kwamba karani wake ni mgeni na amekosea. Kwamba huyu anayepima trei ni Mutua, Mkamba. Kwamba yeye ndiye anayeongoza mahali hapa na anawajibika kwa kila mtu aliye ndani yake.

Afisa akanigeukia. "Hii mandiko yako?"

"Ndiyo, Bwana."

"Wewe nakosea hapa?"

Watu walikuwa wameacha kazi. Cheruiyot alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, na alisema polepole, bila kunitazama, "Karani, sema ulikosea." Ndung'u alikuwa ameshika ua moja kati ya vidole. Naye hakunitazama, alitazama ua. Nilichotakiwa kusema kilikuwa neno moja. Nimetafuta woga katika kumbukumbu hiyo, kwa sababu woga ungenifaa, lakini siuoni. Naona karatasi yenye majina mia moja na kumi na sita, isiyo na neno hata moja lililofutwa, na mtu akiniuliza kama nina kosa ndani yake.

"Hapana, Bwana," nikasema. "Sikukosea."

Ndung'u alilisugua lile ua. "Trei ya saba bado mbichi," akamwambia Cheruiyot. "Ipe saa mbili." Alifuta mikono kwenye suruali, akapanda lori mwenyewe kabla askari hajamgusa. Saa mbili baadaye trei ya saba ilitolewa, na ilikuwa kavu sawasawa.

Saa kumi nilikwenda ofisini kwa kuwa ilikuwa saa kumi. Vikombe viwili vilikuwa mezani. Bwana Felsner alimimina chai, yangu kwanza, kama alivyozoea. Baadaye akasema, "Mimi hapana ambia wewe wazi. Mimi nafikiri wewe najua."

"Nilijua, Bwana."

Alinitazama. Sijui alikuwa akitarajia jibu gani, lakini niliona kwamba si hilo. "Haya," akasema. Hatukusoma neno siku ile, wala siku nyingine yoyote. Kabla ya mwezi kwisha mwenye kiwanda alimwondoa, kwa kosa la kumficha mtu, naye Bwana Felsner akahamia mjini kutengeneza mashine za watu. Mimi niliongezewa cheo. Wenzangu waliendelea kunisalimia, kwa sababu mtu husalimiwa, lakini nikiingia mahali wanapozungumza walianza kuzungumza habari ya mvua.

Jumapili ya tatu nilitoka alfajiri nikashuka kwa miguu hadi kwenye kambi ya waya walikofungiwa waliokamatwa, nje ya Nakuru, nikiwa na viazi vilivyochemshwa. Askari wa langoni alikuwa mtu wa kwetu, na tuliposalimiana kwa lugha yetu aliniuliza ninayemtaka ni nani wangu. Nikasema tulikuwa tukilala chumba kimoja. Alichukua nusu ya viazi, akaniacha nisimame kwenye kona ya waya, akaenda kumwita.

Ndung'u alikuja akitembea kwa upande, kwa kuwa mguu mmoja ulikuwa umevimba. Kichwa kilikuwa kimenyolewa. Alikula kiazi kimoja kwanza.

"Karani. Umekuja kuandika nini?"

Nikasema nimekuja kumwona.

"Basi umeona." Alikula cha pili. "Una karatasi?"

Nilikuwa nayo. Sikupata kutembea bila karatasi. Akasema Wanjiru yuko kwa mama yake huko Kiambu, hajui kusoma, lakini mwalimu wa kanisa atamsomea. Akasema niandike kama atakavyosema. Nikaweka karatasi kwenye goti, nikaandika. Alisema: mimi ni mzima. Alisema: bado niko hapa kiwandani, nafanya kazi ile ile ya trei, nyapara ni mtu mzuri. Alisema: nalala vizuri, chumba hakina kunguni, ninaishi na kijana mmoja karani ambaye hajui kupika. Alisema: msinitafute, nitakuja mimi tiketi ikiisha. Alitaja kila sentensi polepole akaningoja niimalize, na nikaiandika kwa mwandiko wangu ulionyooka, nikiweka nukta mahali pake. Hakuna hata neno moja nililobadilisha.

Nilipomaliza alisema nimsomee. Nikamsomea. Alisikiliza akiwa ameshika waya, macho chini.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Askari akapiga ubao, maana yake muda umekwisha. Ndung'u akauliza kama yote niliyoyaandika ni kama alivyosema. Nikamwambia ndiyo, yote, hakuna kosa. Akatikisa kichwa kukubali, akachukua viazi vilivyobaki, na kesho yake nikaitia barua ile posta.